Prefe na Vitu vya Kulilia

Mtaa mzima wa Kadutu, mjini Bukavu, ulimwita Prefe, na mimi sina sababu ya kumwita vingine. Jina lake la ubatizo nililiona mara moja tu, kwenye karatasi ya hospitali, na nusura niirudishe karatasi nikidhani ni ya mgonjwa mwingine. Kwao ni wapi, baba yake alikuwa nani, hayo waulizwe wenye ukoo. Mimi nitamsema mtu niliyemjua: préfet, yaani mkuu wa shule yetu ya sekondari kwa miaka mingi, ambaye alipostaafu, badala ya kufuga kuku kama wenzake, alianza kupandisha tableti za watu.

Kupandisha ndilo neno lake mwenyewe. Tableti za bei ya chini zinazouzwa sokoni kwetu mara nyingi zina chipu yenye nguvu kuliko mfumo uliowekwa juu yake. Chipu inaweza kufanya kazi kwa biti sitini na nne, lakini kiwanda, kwa kubana matumizi, kimeipa mfumo wa zamani wa biti thelathini na mbili. Kwa miaka michache hakuna anayegundua. Kisha asubuhi moja programu unayoitegemea inakuandikia kwamba haitambui tena kifaa chako, na muuzaji anakushauri ununue kingine. Prefe hakulikubali jibu hilo hata siku moja.

"Hii iko na akili ya sixième, kalasi ya sita," alikuwa akisema, ameishika tableti kwa vidole viwili kama alivyoshika zamani kazi zetu za nyumbani, "lakini banaiweka mu deuxième. Tuipandishe kalasi."

Na aliipandisha kweli. Alifuta mfumo wote wa zamani hadi chini kabisa, hadi ile programu ndogo inayoiamsha mashine, kisha akaandika mpya. Alijifunza kazi hiyo baada ya miaka sitini, kwa kusoma maandishi ya Kirusi na Kichina yaliyotafsiriwa na mashine kwa Kifaransa kibovu, akisahihisha Kifaransa hicho kwa kalamu nyekundu kabla ya kufuata maelekezo. Nimeziona karatasi hizo. Pembeni ya mstari mmoja aliandika, "Haieleweki. Andika upya."

Mimi nilifika kwake kwa ajili ya binti yangu. Nsimire hasemi. Alizaliwa hivyo, anasikia vizuri, anaelewa Kiswahili na Kimashi, anacheka mambo yanayochekesha na mengine yasiyochekesha, lakini mdomo wake hautengenezi maneno. Alipokuwa na miaka saba tulipata programu ya picha: unagusa picha ya kikombe, tableti inasema "maji." Sauti unairekodi mwenyewe. Mama yangu, koko yake Nsimire, alikaa naye miaka miwili wakirekodi neno baada ya neno, jikoni, sufuria zikilia nyuma yao. Yalifika maneno mia mbili na kumi na mawili. Kisha mama akafariki, na Nsimire akaendelea kusema kwa sauti ya koko yake. Nitakiri kwamba jioni nyingine nilimuuliza binti yangu maswali yasiyo na maana, nipate tu kumsikia mama.

Basi tableti ilipoanza kufunga programu katikati ya neno, na wenye programu wakaandika kwamba toleo jipya halitaki mfumo wetu, sikulala vizuri. Tableti mpya ilikuwa nje ya uwezo wetu. Nikavaa viatu vya kupandia mlima, nikaenda Kadutu kwa yule mzee niliyekuwa nikimwogopa nikiwa na miaka kumi na minne.

Alifanyia kazi barazani kwake, kwenye meza ya shule iliyochorwa majina ya wanafunzi, na ubao mweusi nyuma yake. Alipokea wateja baada ya misa ya asubuhi hadi saa sita, haongezi hata dakika. Alivaa tai. Betri ya gari ilikaa chini ya meza, maana umeme wa mji ukikatika katikati ya kuandika mfumo, tableti hairudi tena, na yeye hakutaka kuuamini umeme ambao, kwa maneno yake, haujawahi kufika kalasi kwa wakati. Wateja walisimama kwa mstari. Wengine walikuwa watu wazima wenye magari na vyeo, lakini walisimama, kwa sababu nusu yao aliwafundisha fizikia na nusu nyingine aliwafukuza.

Jambo la kwanza lililomtofautisha na mafundi wengine wote wa Bukavu ni karatasi. Huwezi kumpa tableti akaichukua. Alikupa kwanza karatasi nyeupe na kalamu.

"Andika bintu byenye utalilia."

"Vitu gani, Papa Prefe?"

"Byenye biko ndani. Nikifuta, nafuta byote. Andika byenye utalilia. Byenye hautalilia, usinichoshe nabyo."

Watu walikuja kwa dakika tano wakakaa saa mbili. Nimemwona mfanyabiashara wa saruji akiwa amejaza ukurasa, anakata, anaandika tena. Nimemwona mume na mke wakigombana kwa kunong'ona juu ya video ya harusi: mmoja aliiandika na mwingine hakuiandika. Kijana mmoja wa chuo alirudisha karatasi tupu, akasema hana cha kulilia, Prefe akamwambia arudi nyumbani akamuulize mama yake. Hakufanya kazi yoyote siku hiyohiyo. Ulilazimika kulala na karatasi yako, kisha kesho yake uje uisome kwa sauti mbele ya wote, ndipo aseme, "Sawa."

Jambo la pili ni bisibisi. Kabla ya kutafuta mfumo wa kuweka alifungua mgongo wa tableti na kusoma namba iliyochapwa kwenye ubao wa ndani. Tableti mbili za jina moja na rangi moja, zilizonunuliwa kwa muuzaji mmoja, huwa na ubao tofauti ndani, na ukiipa moja mfumo wa mwenzake unaiua. Mafundi wa haraka waliua nyingi. "Jina iko ku mugongo," alituambia, "ukweli iko mu tumbo." Sentensi hiyo aliitumia pia kwa wanasiasa, kwa wachumba wa wajukuu zake, na kwa sambusa za pale njia panda.

Alipomaliza kupandisha alibandika plasta nyuma ya tableti na kuandika matokeo: Satisfaction, au Distinction. Alisema Grande Distinction ipo, lakini yeye hajawahi kuiona.

Sasa yafaa niseme na vituko vyake, maana nikimsifu moja kwa moja atakuja kunisahihisha. Mtu huyu aliyeokoa simu na tableti za wilaya nzima ndiye aliyekuwa, enzi zetu, adui mkubwa wa simu. Alizinyang'anya, akazitia katika droo yenye kufuli, na mwisho wa mwaka alizirudisha kwa wazazi huku kila moja ikiwa na kikaratasi chenye tarehe na kosa. Yeye mwenyewe alitumia simu ndogo ya vibonye, na ukimtumia ujumbe alikupigia kukuuliza kwa nini huwezi kuongea. Alituhubiria kwamba haraka ni ugonjwa, lakini alipanda ngazi za udongo za Kadutu mbio kuliko wachukuzi wa soko, na mtu aliyetembea naye alibaki nyuma akiongea peke yake. Alikuwa mkali kwa watu, mpole kwa mashine. Tableti iliyogoma kuwaka aliisemesha kwa sauti ya chini ambayo sisi wanafunzi wake hatukuwahi kuisikia. Niliona wivu, nasema kweli.

Hakuwahi kusema kitu hakiwezekani. Alisema, "Sijaelewa bado." Mara moja alisema hivyo juu ya tableti moja kwa miezi minne, na mwenye tableti akaichoka akataka kumwachia. Prefe alikataa kuichukua, akakataa pia kuirudisha kabla ya kuielewa. Mwisho aligundua kwamba mtu wa kabla yake alikuwa ameibandika kwa gundi iliyogusa waya mdogo. Akaikwangua gundi ile kwa wembe asubuhi nzima. Mwenye tableti alipouliza bei, alimwambia apeleke mkungu wa ndizi kwa watawa wa jirani, na asimpe yeye kitu, maana alikuwa amejifunza.

Nami niliandika karatasi yangu. Niliandika video za komunyo, picha za msiba wa mama, vitabu vya shule vya Nsimire, nyimbo. Sauti mia mbili na kumi na mbili niliziandika mwisho kabisa. Siyo kwamba nilizisahau. Kwangu zilikuwa ndiyo tableti yenyewe, na mtu haandiki nyumba kwenye orodha ya vyombo. Kesho yake nilisoma kwa sauti, na nilipofika kwenye mstari wa mwisho nikausoma mara mbili. Prefe alisimama. Alichukua karatasi akaikunja mara mbili akaitia mfuko wa shati, mahali alipokuwa akiweka miwani.

Kanuni yake ilikuwa kunakili kila kitu mahali pawili, kwenye kompyuta na kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Juma lile kompyuta yake ilikuwa imejaa, kwa sababu mfumo mpya wa tableti yetu ulikuwa faili kubwa na alikuwa amepakua matoleo matatu ili achague. Ikabaki kadi. Na kadi, hapo Bukavu, kila mtu anajua hadithi yake: sokoni kuna kadi zilizoandikwa giga mia moja ishirini na nane ambazo ndani zina nane tu. Zinapokea kila unachozipa, majina ya mafaili yanaonekana yote, lakini yaliyopita nane ni majina matupu. Prefe aliwajua wauzaji wake wote. Hakuna kadi ya mteja iliyoingia barazani kwake bila kujazwa mpaka pomoni, kusomwa tena, na kupigwa alama kwa kalamu nyekundu.

Kadi aliyotumia siku hiyo haikuwa na alama. Ilikuwa zawadi. Binti yake aliyeolewa Goma alimletea Pasaka, ndani ya karatasi ya maua, akasema, "Papa, hii ya kazi yako." Huko kwetu zawadi haipimwi. Mtu akikuletea maharagwe huyapimi kwa kopo mbele ya wageni, na hata wageni wakiondoka bado unaona haya. Prefe aliona haya kumpima binti yake. Aliitia kadi kwenye kompyuta, akanakili kwa mpangilio wa karatasi yangu, toka juu hadi chini. Alifungua picha tatu za kwanza, zikafunguka. Akafungua video ya komunyo, ikacheza. Akafuta tableti.

Alikuja kwetu mwenyewe. Ilikuwa saa tisa ya mchana, nimetoka ofisini ninakofanya kazi ya ukarani, nikamkuta mlangoni amevaa koti na tai, tableti chini ya kwapa. Nsimire alimkimbilia akaichukua. Ilikuwa imepandishwa vizuri. Iliwaka haraka, programu mpya ikafunguka bila kigugumizi, picha zote mahali pake. Aligusa kikombe. Kimya. Akagusa tena. Akainua tableti akaiweka sikioni, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa kifuani, akangoja.

"Sauti hazipo," Prefe alisema. "Mama Nsimire, nimezipoteza. Hazipo ku kadi, hazipo ku machine, hazipo mahali."

Nilimwambia neno ambalo sijivunii. Nilimwambia, "Papa Prefe, mama yangu umemuzika mara ya pili."

Mafundi wengine wangelaumu kadi, au tableti, au umeme, au mimi niliyeandika sauti mwisho. Nilimngoja alaumu, ili nipate pa kuendelea. Alisimama palepale.

"Ni kosa yangu," alisema. "Kadi ilitoka kwa mutoto wangu, nikaona haya kuipima. Haya ile ilikuwa yangu, na wewe ndiyo umelipa."

Nilimchukia siku hiyo, na siku nne zilizofuata. Hata hivyo, chuki yangu haikupata chakula. Kila alasiri alishuka kutoka Kadutu hadi kwetu Ibanda kwa miguu, akachukua tableti akaipitisha kwenye programu za kutafuta vilivyofutwa, akarudi kesho yake na kusema, "Leo tena, zéro." Hakupamba. Siku ya tano alisema, "Zimeisha. Nimeelewa sasa kama zimeisha." Katika miaka yote niliyomjua, ndiyo mara pekee niliyomsikia akikubali kwamba kitu kimeshindikana. Na jirani zake waliniambia kwamba barazani, kwenye ubao mweusi, mbele ya wateja wote, alikuwa ameandika kwa chaki, kwa mwandiko wake ule wa shule: "Hata ya mutoto wako, pima." Alipoulizwa alieleza kisa chote, bila kujificha, asubuhi baada ya asubuhi. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza kunitoka, nikaona aibu kwa neno nililomwambia. Nilipotaka kumwomba radhi alinikatiza. "Ulisema byenye ulisikia," alisema. "Tuendelee na kazi."

Kazi ilikuwa maneno mia mbili na kumi na mawili, kuanzia la kwanza. Nsimire alikuwa bubu kweli siku zile. Alikuwa amerudia kuvuta nguo na kupiga meza kama alipokuwa mdogo, na mara mbili nilimkuta amejikojolea kwa sababu hakuwa na namna ya kuniambia. Nilirekodi mimi. Aliposikia sauti yangu ikitoka mle ndani alisukuma tableti. Sauti yangu ilikuwa yangu, nilikuwa nimesimama palepale mbele yake, kwa nini iwe tena humo? Dada yangu akajaribu, akaimba kabisa, tableti ikasukumwa vilevile.

Siku ya saba Prefe alikuwa akijaribu kama maikrofoni imekaa sawa. Alikaa wima kwenye kiti, akaisogeza tableti mbali kidogo, akasema kwa ile sauti iliyokuwa ikivuka uwanja wa shule bila kipaza sauti: "Un, deux, trois. Maji."

Nsimire akaja. Akagusa. "Un, deux, trois. Maji." Akacheka mpaka akashika tumbo. Akagusa tena, na tena, kisha akamshika Prefe mkono akauweka kwenye picha ya mkate.

"Hapana," Prefe akasema. "Sauti hii imefukuza batoto mu kalasi miaka makumi tatu. Hawezi kusema na sauti ya muzee. Batamucheka."

Nsimire akabonyeza mkono wake juu ya mkate.

"Mukate," akasema Prefe.

Iliwachukua majuma matatu. Alikuja na tai kila siku, kwa sababu alisema ni kurekodi. Aliuliza maswali ambayo mimi mama sikuwahi kuyafikiria. Mtoto akisema "sitaki" anasema kwa hasira au kwa uchovu? Basi tuweke zote mbili. Alirekodi "nasikia njaa," alirekodi "ile nguo ni mbaya," alirekodi "acha kunivuta nywele," alirekodi "ikala hapa na mie," ya kumwomba mtu akae naye usiku. Kwa "nataka kukojoa" aliomba mimi na dada yangu tutoke nje, tukasimama uani tumeibana midomo, tukimsikia akirudia mara saba hadi ameridhika. Alipofika kwenye "Mama, nakupenda" alikohoa, akanywa maji, akauliza kama neno hilo ni la lazima. Nsimire akauweka mkono wake pale. Akalisema. Alilisema vizuri sana, na akaondoka siku hiyo bila kuaga.

Hivyo ndivyo binti yangu wa miaka kumi alivyoanza kuongea kwa sauti ya mkuu wa shule wa miaka sabini. Tulizoea. Mji ulichelewa kuzoea. Sokoni aliwahi kumwambia mchukuzi aliyemkanyaga, "Angalia mbele!" na yule mchukuzi, mwanamume wa ndevu, akaweka mzigo chini akasema, "Pardon, Prefe." Na kuna Jumapili moja padri alikuwa amehubiri sana. Nsimire alifungua tableti, na kabla sijamzuia kanisa zima likasikia, "Nimechoka. Twende." Nikaona mabega ya wanaume wa miaka arobaini na hamsini yakinyooka benchi baada ya benchi. Mmoja alitoa mikono mifukoni. Padri, ambaye naye alipita shule yetu, alimaliza kwa sentensi moja. Prefe mwenyewe alikaa benchi la tatu akitazama altare bila kupepesa. Baada ya misa nilimwendea kuomba msamaha.

"Alikuwa na haki," akaniambia. "Ile mahubiri ilikuwa na conclusion tatu."

Nimemkosa mama yangu, na bado namkosa. Kwenye simu yangu ilibaki sauti yake moja tu, ananiuliza kama nimelipa maji ya bomba, na huwa naisikiliza nikiwa peke yangu. Lakini ningekuwa mwongo nisiposema kwamba nilimpata mtu ambaye alivunja kitu changu cha thamani kuliko vyote, akakaa karibu nami mpaka kitu kingine kikasimama mahali pale. Wengi niliowajua huvunja wakahama mtaa.

Magoti yake yalipochoka ngazi za Kadutu, alihamia Walungu, nje ya mji, kwa mdogo wake. Tulisikia habari zake kwa watu: anasomesha majirani, amegombana na fundi wa sola, anapandisha tableti za kituo cha afya. Kisha tukasikia kiharusi. Nilikwenda Jumamosi na Nsimire, ambaye sasa ana miaka kumi na minne na ananizidi urefu. Tulipanda basi dogo la asubuhi, na dereva alituonya kwamba gari la mwisho la kurudi hupita saa tisa kamili.

Kwa ubovu wa barabara tulifika saa nane imepita, tukamkuta amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, karibu na maharagwe yaliyoanikwa. Shati limefungwa hadi kifungo cha juu, bila tai, kwa kuwa mkono wa kuume haufanyi kazi na hakutaka kufungiwa na mtu. Mke wa mdogo wake alituletea viti na kunivuta pembeni.

"Anasikia byote," alinong'ona. "Lakini maneno inatoka ya kuvunjika. Akiona hatumuelewe, ananyamaza. Sasa ni mwezi wa pili hajaongea na mutu. Na siye tumezoea, tunapita tu."

Nilimsalimia. Alijaribu kunijibu, mdomo ukaenda upande, ikatoka sauti nyembamba isiyo na umbo, na nikafanya kosa la kujifanya nimeelewa. Nilitikisa kichwa nikisema, "Ndiyo, Papa Prefe, ndiyo." Akanitazama kama zamani, nilipokuwa nimenakili jibu la jirani. Akafunga mdomo.

Nsimire haazimi tableti yake. Mimi nikiigusa bila ruhusa hunipiga mkono. Alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama yote. Akapita, akachuchumaa mbele ya kiti, akaiweka juu ya mapaja ya Prefe, akauchukua mkono wake wa kushoto akauweka juu ya picha.

Prefe alichelewa kuchagua. Kidole kilipita juu ya kikombe, juu ya mkate, kikarudi. Mara kikagusa bila kukusudia na tableti ikasema, "Maji!" kwa sauti kubwa, safi, ile ya uwanja wa shule. Mke wa mdogo wake, aliyekuwa akielekea jikoni, alisimama. Sahani ilikuwa mkononi. Akaanza kulia palepale, na maji akayaleta akilia.

Prefe alikataa maji kwa kichwa. Alikuwa ameisikia sauti yake, na uso wake ulibadilika namna ambayo siwezi kuieleza vizuri, ila najua kwamba hakuwa na huzuni. Akafungua ukurasa wa pili. Akafungua wa tatu. Nilitazama saa yangu, ilikuwa imebaki robo saa gari lipite, nikaanza kukusanya mkoba na kumwandaa Nsimire kwa macho, na moyoni nikijiuliza nitamchukuliaje mtu sauti yake mapajani.

Kidole kikasimama. Kikabonyeza.

"Ikala hapa na mie," ikasema sauti ya Prefe.

Nsimire alikuwa ameshakaa, chini, mgongo wake kwenye mguu wa kiti. Nikaweka mkoba chini nikavuta kiti changu karibu. Huko barabarani gari la mwisho la Bukavu lilipita likipiga honi, na hakuna kati yetu aliyeinuka.